Mama Jukwaa na Fremu ya Mlango

Tulimwita Mama Jukwaa, na jina hilo linatosha. Alizaliwa wapi, nani alimzaa, shangazi zake walikuwa wangapi, hayo waulizeni wale wanaopenda kuchambua ukoo wa watu msibani. Alikuwa Mnubi, wa kabila lililotoa askari wengi wa serikali iliyoangushwa, na katika Kampala ya miaka ile baada ya vita neno hilo peke yake lilimfanya mtu ashushe sauti na kutazama nyuma yake. Yeye hakushusha. Alijifunga gurbaba yake, ile nguo iliyotariziwa ya wanawake wa Kinubi, akapita katikati ya mji kifua mbele, na aliyekuwa na neno alilimeza.

Mimi nilikuwa Mkenya niliyefuata biashara, nauza nguo za mitumba katika soko la Owino. Kuuza Owino ni kupiga kelele. Nguo nzuri bila kelele itakaa hapo hadi ioze, na nguo mbovu yenye kelele itaondoka kabla ya adhuhuri. Mimi nilijaliwa kelele. Nikisimama juu ya robota langu na kuanza kuita, wauzaji wa viatu mstari wa pili walinung'unika kwamba nawafukuzia wateja.

Kelele hizo ndizo zilizomleta. Hakusalimu wala hakuomba njia, alipitiliza mpaka nyuma ya meza yangu, akaanza kufukua nguo kana kwamba ametumwa na mwenye soko. Akavuta koti jeusi la kiume, refu, zito.

"Hii koti," akasema, "nani alikufa nayo?"

"Hakufa mtu, mama. Imetoka Ulaya."

"Na Ulaya watu hawakufi?"

Akalivaa juu ya gurbaba, akatembea hatua chache akitoa tumbo mbele na kuzungusha funguo ambazo hazikuwepo, na wateja wangu wote wakaangua kicheko, kwa sababu walimwona mtoza kodi wa soko, yule yule, mzima mzima.

"Inatosha," akasema. "Na wewe, Mkenya, hii sauti yako unauzia suruali tu? Mungu atakuuliza."

"Mungu ana mengi ya kuniuliza kabla hajafika hapo."

"Basi jitayarishe. Jumapili, mchana, bustani ya mjini, kule chini. Kuja kuchukua koti yako." Akaondoka nalo.

Nilikwenda Jumapili hiyo kumgombeza na kuchukua mali yangu. Nilirudi kwangu Namuwongo jioni bila koti, na nikiwa nimepewa kazi ya kuwa mke wa mtu katika mchezo. Ndivyo alivyowapata watu wake wote. Hakumwuliza mtu amesoma wapi, wala kama anajua kuigiza. Alisikia sauti barabarani, akamfuata mwenye sauti, akachukua kitu chake. Ssalongo, mwendesha bodaboda aliyeitwa hivyo kwa sababu ndilo jina la baba wa pacha, alinyang'anywa ufunguo wa pikipiki kwa siku tatu mpaka akakubali kucheza sehemu ya mwizi. Sura yake, alisema Mama Jukwaa, haikuwa na kazi nyingine.

Jukwaa lenyewe lilikuwa duara la saruji kwenye mteremko wa bustani, na ngazi za mawe zilizopinda kulizunguka, ambapo watu walikaa. Lilijengwa zamani kwa ajili ya bendi za tarumbeta. Halikuwa na paa, pazia wala ukuta. Vita vilipopita viliacha majani yaliyofika kiunoni na matundu ya risasi kwenye saruji. Mama Jukwaa aliyafyeka majani kwa mikono yake mwenyewe, lakini matundu alikataa yazibwe. Juu ya miti walikaa kalooli, wale ndege wakubwa wenye vipara wanaokula takataka za Kampala, na mara kwa mara walidondosha walichodondosha juu ya vichwa vya waliotoka kanisani na nguo nyeupe. Yeye aliwaita wageni wa heshima. "Wao iko na viti vya juu," alisema, "sisi tuko chini, tuvumilie."

Katikati ya jukwaa alisimamisha kitu kimoja tu: fremu ya mlango. Miimo miwili ya mvule na kizingiti juu, imepigiliwa kwenye ubao ili isianguke. Mlango wenyewe haukuwepo. Unapitia hapo unaona miti, watu, anga. Lakini hakuna mchezaji aliyeruhusiwa kuizunguka. Ukiingia, umeingia kwa fremu. Ukitoka, umetoka kwa fremu. Na kabla hatujaanza alisimama mbele yake, akawageukia watazamaji, akaita kwa sauti iliyotetemesha meno:

"Hodi!"

Akangoja. Mara tatu, kama ada ilivyo. Wakijibu karibu, tunacheza. Wasipojibu, tunakunja vitu vyetu tunakwenda zetu. Msidhani alitania. Jumapili moja ya manyunyu watu walijibanza chini ya miavuli, wakacheka tu badala ya kujibu. Akapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akaanza kufunga kamba. Ssalongo akamlilia: "Banange, jamani nyabo, watu wamekuja na mvua yote hii!" Akamjibu, "Mtu hakukukaribisha, wewe utaingia?" Tukaondoka na fremu yetu kichwani. Jumapili iliyofuata walipaza karibu kabla hajafungua kinywa, akawafokea kwamba bado hajapiga.

Asiyejua Kampala ya wakati ule atauliza shida ilikuwa nini. Shida ilikuwa Kiswahili. Lugha hii, ambayo kwetu Kenya tuliichukulia kitu cha kawaida, watu wa Kampala waliijua kama lugha ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Ndiyo iliyowaambia lala chini, toa saa, fungua haraka. Mama mmoja jirani yangu aliniambia akisikia mtu anaongea Kiswahili nyuma yake, alivuka barabara hata kama mtu huyo anauliza njia ya hospitali. Sasa huyu anatokea, Mnubi juu ya hayo, anasimama hadharani na kucheza michezo kwa lugha hiyo hiyo.

Katika moja ya Jumapili za mwanzo, mzee aliyevaa kanzu na koti alisimama na kuinua bakora. "Sisi hatutaki!" akapaza. "Hiyo lugha ya wezi! Peleka kwa balakisi, kwa askari!"

Mama Jukwaa hakukasirika. "Mzee wangu, mgeni akifika kwako anasema nini?"

"Anasema koodi."

"Na wewe unajibu nini?"

"Kalibu."

"Basi Kiswahili yako inatosha. Kaa, sebo."

Watu wakacheka, na mzee akacheka, akakaa. Baadaye, tukikunja vitu, nilimwambia Mama Jukwaa kwamba angeweza kucheza kwa Kiganda akajipunguzia maadui. Akanitolea uvivu. "Lugha haina bunduki. Mtu ndiyo iko na bunduki. Wale walikuja na hii lugha, waliacha neno moja nyuma, hawakusema. Mimi nasema ile waliacha."

Mchezo wetu ulikuwa mmoja, na haukuwa mmoja. Familia ina chungu kimoja cha chakula, na wageni wanakuja: mwizi, mtoza kodi, mchungaji, jamaa wa mbali. Kila wiki aliubadilisha kulingana na yaliyotokea mjini, hivi kwamba mtu aliyefanya uhuni Jumanne alijiona Jumapili. Hakuandika chochote. Alikuja akatueleza nani anagonga leo na anataka nini, mengine tukajitafutia wenyewe. Aliyesahau maneno hakugombezwa. Aliyesema kwa sauti ndogo ndiye aliyekiona cha mtema kuni.

Kipimo chake cha sauti kilikuwa muuza karanga. Mama huyo alikaa na beseni lake nje kabisa ya bustani, kando ya barabara, magari yakimpita. Katika mazoezi tulisema maneno yetu, na Mama Jukwaa hakututazama sisi, alimtazama yeye. Akigeuza kichwa, sauti imefika. Asipogeuza, rudia. Muuza karanga naye alijua kazi yake, na siku akiwa na hasira na mtu aligoma kugeuka makusudi. Nilirudia neno "ugali" mpaka likanichosha kuliko kuusonga.

Sasa niwaambie kuhusu askari, maana hiyo ndiyo hadithi watu wanayoisimulia vibaya.

Ilikuwa bado mapema baada ya vita, wakati ambapo pikipiki ikitoa mlio mbaya nusu ya mtaa walijilaza chini. Tulikuwa katikati ya mchezo. Askari mmoja wa kambi ya kule Mbuya akateremka mteremko, akapanda jukwaani kwa ubavu, bunduki begani.

"Nani natoa ruhusa ya hii mkutano?"

Watu wote waliganda. Ssalongo, ambaye wakati huo alikuwa akiiba chungu, alikiweka chini polepole na kuinua mikono, na hakuna aliyejua kama hiyo ilikuwa sehemu ya mchezo. Mama Jukwaa alimtazama yule askari kuanzia buti hadi kofia.

"Afande, umepita wapi?"

"Nini?"

"Nauliza umepita wapi kuingia. Mlango iko pale."

"Mimi sipiti mlango ya mchezo."

"Basi na sisi hatuna jibu ya mchezo. Hapa ni nyumba. Rudi, piga hodi, ingia, keti, uliza. Tutakujibu yote. Hata chai tutakupa."

Nilijua anakufa. Nasema wazi, nilianza kumwombea. Askari aliwatazama watu, akaitazama fremu, akamtazama yeye. Kisha akashuka, akazunguka, akasimama mbele ya fremu, akasafisha koo.

"Hodi," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu aliyewahi kufundishwa na mama yake.

Hakuna aliyejibu. Nani angethubutu? Mama Jukwaa akawageukia watazamaji kwa hasira ya kweli. "Mgeni anangoja mlangoni, nyinyi hamna adabu?" Ndipo mmoja akajibu, kisha watatu, kisha ngazi zote za mawe: karibu. Askari aliinama kupita ingawa fremu ilikuwa ndefu kumzidi. Alikaa kwenye kigoda chetu, akapewa kikombe cha chai mukalu, ile isiyo na maziwa, na swali lake akalisahau au akaliacha. Tuliendelea na mchezo yeye akiwa ndani yake. Jumapili nyingine alikuja na wenzake. Mama Jukwaa aliwakalisha ngazi ya nyuma kabisa, mitutu ikitazama chini, na hawakupinga.

Wanaosimulia vibaya husema yule mama hakuwa na woga. Uongo mtupu. Nilimwuliza mwenyewe. "Niliogopa mpaka chai ikamwagika," akasema. "Wewe uliangalia uso. Ulikuwa uangalie mkono."

Na hapo kuna jambo sikulielewa kwa miaka. Alilichukia jeshi kuliko mtu yeyote niliyemjua. Redio ikipiga bendi ya jeshi aliizima, hata iwe redio ya mtu mwingine. Lakini hakuwa na watazamaji aliowapenda kama wale askari. Walielewa kila mzaha, wao peke yao walicheka mahali pa kucheka. Wasipokuja alinuna. "Leo tumechezea viziwi," alisema, na sisi tukamcheka nyuma ya mgongo wake.

Alikuwa na makosa yake, na sitayapaka sukari. Alikuwa mbishi. Alimfukuza Ssalongo mara kadhaa na kumrudisha bila kuomba radhi, akijifanya hakumbuki kilichotokea. Alicheka Kiswahili changu, akakiita cha sare za shule. Na yeye, bingwa wa hodi, hakuwahi hata siku moja kupiga hodi kwangu. Alikuwa anaingia tu, nikiwa naoga, nikiwa nasali, anafunua sufuria kuona kuna nini. Nikilalamika anasema, "Kwako ni kwangu," na habari imeisha.

Lakini alichokilinda kama mboni ya jicho lake ni ile hodi ya jukwaani. Hakumruhusu mtu mwingine kuisema. Aliwahi kuja na homa, anatetemeka, gurbaba mbili mwilini. Nikamwambia aketi, niseme mimi. Alinitazama kana kwamba nimemwomba meno yake. "Hodi ni yangu," akasema, akaenda kuisema, kisha akatapika nyuma ya mti.

Nyumbani kwake, kule Namuwongo karibu na reli, hapakuwa na mlango. Palikuwa na pazia la kitenge limening'inia kwenye tundu la ukuta, na kingo za tundu hilo zilikuwa matofali matupu. Miaka mingi nilidhani ni umaskini, mpaka siku moja tukichambua maharagwe nilimwuliza kwa nini asipate fundi. Aliendelea kutoa mawe kwenye maharagwe.

"Ile ya bustani," akasema, "ndiyo ya hapa."

Akatupa jiwe moja nje.

"Walikuja, wakapiga buti. Mlango ikavunjika, fremu ikabaki. Waliingia bila hodi, wakatoka na bwana yangu bila kwaheri. Hajarudi mpaka leo."

"Walikuwa wa upande gani, mama?"

"Wa upande ya bunduki." Akapuliza maganda kwenye ungo. "Mimi nikasema, hii fremu haitakaa hapa kungoja wengine. Nitaipeleka mahali watu wote wanaona. Kila mtu atapita hapo na adabu."

Tangu siku hiyo kila nilipopita chini ya kizingiti kile nikiwa mke wa fulani mwenye chungu kimoja, nilijua niko nyumbani kwa nani.

Miaka ikaenda. Mji ukanenepa. Nyumba za ghorofa zikachipuka, na viwanja vya wazi vikaanza kupata wenyewe ambao hakuna aliyewajua. Jumapili moja, kabla watazamaji hawajafika, akaja bwana mmoja wa ofisi, suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Sisi tulikuwa tumekaa kwenye saruji, tunakula mihogo. Alishuka mteremko, akafika kwenye fremu, akasimama.

Hakuna aliyemwambia asimame. Kulia kwake palikuwa wazi, kushoto kwake wazi, angeweza kuja kutoka popote.

"Koodi?" akasema.

"Kalibu, mwana wange," Mama Jukwaa akajibu.

Bwana yule akainama, akavua viatu, akavipanga vizuri pembeni mwa mwimo kama mtu anayeingia sebuleni kwa wazazi wa mchumba, akapita na soksi. Alipofika katikati ya saruji ndipo akatazama miguu yake, akatazama juu, akaona kalooli. Ssalongo alipaliwa na muhogo, ikabidi tumpige mgongoni. Mama Jukwaa peke yake hakucheka. Alimpa kigoda.

"Nyabo," akasema bwana yule, miguu ameirudisha chini ya kigoda, "mimi natumwa tu. Hii mahali wamepatia mtu. Watajenga hoteli, na mahali ya kuweka magari. Mwezi inayokuja mabati itazunguka yote."

"Huyo mtu alipiga hodi kwa nani?"

"Nyabo, mimi natumwa tu."

"Nimesikia. Na mimi nakutuma. Waambie tutacheza. Mabati ikija, tutacheza. Mabati ikikaa, tutacheza."

Alishukuru kwa chai, akatoka kwa fremu, akavaa viatu vyake upande wa pili. Mama Jukwaa akamsindikiza kwa macho. "Amelelewa vizuri," akasema. "Kazi ndiyo mbaya."

Tulizunguka ofisi. Tuliambiwa njoo kesho, na kesho tukaambiwa mwenyewe amesafiri. Mama Jukwaa alikataa kukaa kwenye mabenchi yao, alisimama muda wote akiegemea fimbo, na makarani wakaanza kumwogopa. Haikusaidia. Mabati yakaja, ya rangi ya buluu, marefu kuliko mtu, yakaizunguka bustani kutoka barabara hadi barabara. Siku moja kabla, Ssalongo na mimi tuliibeba fremu tukaipeleka Namuwongo. Mama Jukwaa alituonyesha tundu la ukuta wake. "Weka," akasema. Tukaisimamisha pale ilipotoka miaka yote ile, na ilikaa sawasawa, matofali yaliitambua. Akatundika pazia lake juu yake.

Nilirudi nyumbani nikilia. Nilijua maana yake: amekubali. Amerudisha mlango nyumbani, ameshindwa kama sisi wengine tunavyoshindwa. Nilimkasirikia sana. Kisha akaugua koo. Sauti ilianza kukwaruza, ikapungua, na baada ya miezi ikabaki mnong'ono ambao ilibidi uweke sikio karibu na midomo yake kuusikia. Madaktari walisema yao. Nikawa nampelekea uji, na nikitoka nilipita chini ya ile fremu nikiwa na uchungu nayo.

Halafu Jumapili moja Ssalongo akanijia kanisani, akasimama mlangoni na helmeti yake, ananipungia. Nilidhani ameniletea habari ya msiba. "Anakuita," akasema. "Na anakuita vibaya. Halaka."

Tulimkuta amevaa gurbaba ya jukwaani, amekaa kitandani, fimbo mkononi. Aliielekeza fimbo kwenye fremu.

"Toa," akanong'ona.

"Mama, si ulishaipigilia? Tutaubomoa ukuta."

Akacheka bila sauti, mabega tu yanatikisika. Ssalongo akaishika miimo, akavuta kidogo, na fremu yote ikamjia kifuani. Haikuwa imeshikwa na kitu. Miezi yote ile ilikuwa imeegemezwa tu.

Nikainama kwake. "Sikupiga hata msumari moja," akaninong'oneza. "Wewe ulidhani nini?"

Ssalongo alipakia fremu kwenye pikipiki kwa upana, mimi nikakaa nyuma yake katikati ya miimo, kichwa kimetokea mlangoni, na hivyo ndivyo nilivyopita barabara za Kampala, watu wakinipigia makofi. Mama Jukwaa alikuja nyuma kwa bodaboda nyingine, ameketi upande, fimbo mbele kama kiongozi wa gwaride. Tulishuka pale nje ya mabati, kwenye ukingo wa barabara, hatua chache kutoka kwa muuza karanga, ambaye hakuwa amehama. Tukaisimamisha fremu, mgongo wake ukiwa kwenye mabati.

Watu wa Jumapili walikuwa wanapita. Baadhi walisimama. Mama Jukwaa akanivuta mkono.

"Leo hodi ni yako."

"Mama, hapana."

"Mimi sina. Wewe iko nayo. Unadhani nilikuja Owino kwa sababu ya koti?"

Nikasimama mbele ya fremu. Nilikuwa nimeuza kwa sauti hiyo maelfu ya suruali. Nikapiga ya kwanza, ikawa ya sare za shule. Watu walitutazama tu. Nikapiga ya pili. Kimya, na magari. Nikamtazama Mama Jukwaa. Alikuwa amenipa kisogo, anamtazama muuza karanga. Nikavuta pumzi kutoka kwenye visigino, nikaipiga ya tatu.

Muuza karanga akageuza kichwa.

"Kalibu!" akaitika, beseni mapajani. Wakaitika bodaboda, akaitika fundi viatu wa kona, ikaitika barabara nzima.

Mlinzi akatoka kwenye upenyo wa mabati, kijana mwenye sare na rungu. "Nyinyi! Hapa hakuna ruhusa kuingia!"

Mama Jukwaa akasema kitu. Nikainama, kisha nikasimama na kukirudia kwa sauti ile ile ya tatu, kila mtu asikie: "Anasema hatuingii! Sisi ndio tuko ndani! Wewe ndiye uko nje!"

Barabara ililipuka kwa kicheko. Mlinzi akarudi nyuma ya mabati na kuufunga upenyo. Tukaanza. Mimi nikiwa mke, chungu ni helmeti ya Ssalongo. Hatujafika mbali nikaona kofia ya sare inachomoza juu ya mabati, kisha macho. Alikuwa amepanda juu ya kitu ili aone.

Ikafika zamu ya mwizi. Ssalongo akazunguka, akaja mbele ya fremu, akaita hodi kwa ile sauti yake ya unafiki. Na kabla ya watu wa barabarani kujibu, kutoka juu ya mabati ikaja sauti nene, ya kifua, iliyopita juu ya vichwa vyetu na juu ya magari:

"Kalibu!"

Mama Jukwaa aligeuka upesi kumtazama muuza karanga. Alikuwa amegeuza kichwa. Akanishika mkono kwa nguvu zote alizokuwa nazo, akanivutia chini, na midomo yake ikanigusa sikio.

"Huyo," akasema, "Jumapili ijayo chukua kofia yake."